Kungoja Mkopo wa Nyumba katika Viunga vya Dar es Salaam

Katika tarikhi ya Dar es Salaam yameandikwa mengi juu ya masultani, magavana na marais, lakini machache mno juu ya mtu aliyekwisha kuomba fedha ya kujengea nyumba naye bado hajaipata: mtu ambaye si mpangaji kamili, kwa kuwa moyo wake umekwisha kuhama, wala si mwenye nyumba, kwa kuwa alicho nacho ni karatasi na kiwanja chenye majani. Viunga vya mji huu, tangu Kinondoni hata Temeke, vimekuwa na watu wa hali hiyo kwa zaidi ya nusu karne, na nadai kwamba ni wao, kwa jinsi walivyongoja na zaidi kwa jinsi walivyochoka kungoja, waliovipa viunga hivyo sura viliyo nayo leo.

Hapo kale hapakuwa na la kungoja, kwa sababu hapakuwa na mkopo. Tangu Seyyid Majid bin Said wa Unguja alipouanza mji huu katika miaka ya 1860, mtu wa kawaida alijenga kwa boriti za mikoko, fito, udongo na makuti, na gharama akaitoa katika ujira wake na katika mikono ya jamaa zake. Nyumba hiyo, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko na choo, ilikuwa maskani na pia chumo, kwani mwenyewe alikaa chumba kimoja au viwili na vilivyosalia akavipangisha. Walipokuja Waingereza, wakatunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, hata tajiri asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika pasipo idhini ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa kuwa sheria hiyo ni ya kumhifadhi Mwafrika na madeni, na huenda ilimhifadhi. Walakini ilimhifadhi na mtaji pia.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika kwa haraka. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likaanza kuzivunja nyumba za udongo Magomeni na penginepo na kusimamisha za matofali mahali pake, na mwenye nyumba aliyevunjiwa akapewa mpya ailipie kidogo kidogo. Mwaka 1967 mabenki yakataifishwa. Mwaka 1971 yakatwaliwa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Na mwaka 1972 ikatungwa sheria iliyoanzisha Benki ya Nyumba ya Tanzania, ambayo wakazi waliizoea kwa herufi zake tatu, THB. Kwa mara ya kwanza tarishi, karani, mwalimu na fundi wa kiwandani waliambiwa kwamba iko benki ambayo kazi yake khasa ni kuwajengea wao.

Ahadi hiyo ilipata ardhi yake mwaka 1974, ulipoanza mradi wa viwanja uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa, zikachorwa barabara na kupelekewa maji, na Manzese, iliyokuwa imekwisha kujengwa pasipo ramani, ikaachwa isimame na kutengenezwa badala ya kubomolewa. Baadaye zikafuata sehemu nyingine, zikiwamo Tabata na Mbagala. Serikali ilitoa kiwanja, benki ingetoa mkopo, na mwananchi angetoa jasho lake. Katika karatasi hesabu hiyo ilikaa sawa.

Lakini aliyetaka mkopo ilimpasa awe na hati au ofa ya kiwanja, michoro iliyopitishwa na halmashauri, kibali cha ujenzi, na uthibitisho wa mshahara utakaokatwa. Na kila karatasi ilikuwa na ofisi yake, na kila ofisi ilikuwa na meza ambayo mwenye meza ametoka. Muuza samaki wa Tandika au mshona viatu wa Manzese, ambaye pengine chumo lake lilimshinda karani, hakuwa na mwajiri wa kumwandikia barua, basi mlango ulimfungikia mapema. Mwenye mshahara ndiye aliyeingia katika kungoja. Aliendelea kukaa chumba kimoja Mwananyamala au Temeke, watoto wakilala chini na mizigo ikiwa juu ya kabati, akimlipa baba mwenye nyumba kodi ile ile aliyokusudia kuiacha. Siku ya Jumapili alipanda basi la UDA akaenda kukitazama kiwanja chake, akafyeka majani, akahakikisha kwamba mawe ya mpaka hayakusogezwa usiku. Na kwa kuwa ardhi tupu hualika mvamizi, akapanda muhogo na kunde ili ijulikane kuwa ina mwenyewe. Mkewe alikaanga vitumbua alfajiri, akacheza upatu na wanawake wa uani, na zamu yake ilipofika fedha hazikununua khanga bali zilinunua mifuko ya saruji, nayo ikawekwa chini ya kitanda.

Saruji hiyo ndiyo iliyowatesa wengi. Kiwanda cha Wazo Hill kilikuwapo tangu 1966, lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kulikausha taifa, mfuko wa saruji ulipatikana kwa kibali au kwa mlanguzi. Aliyeinunua mapema ilimgandia ndani, na aliyeingoja hakuipata. Tena mkopo wenyewe haukutolewa wote kwa pamoja: ulitolewa kwa awamu, msingi ukaguliwe kwanza, kisha kuta, kisha paa; na baina ya mkaguzi kuja na hundi kutoka, bei ya bati ilikuwa imekwisha kupanda.

Hapa pana jambo ambalo wanaoilaumu benki ile hawalitaji sana. Kushuka kwa thamani ya shilingi, hasa baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, kulimwonea yule aliyekuwa angali akingoja, kwa kuwa kiasi alichoomba hakikutosha tena hata kupaua. Na papo hapo kulimneemesha aliyekwisha kuchukua, kwa kuwa aliyakopa mabati akayalipa kwa bei ya misumari. Benki ikawa imekopesha fedha nzito na kurudishiwa nyepesi, na wengine, ambao baadhi yao walikuwa wakubwa, hawakurudisha hata hizo. Mwaka 1995 THB ilianguka. Zikabaki nyumba, na wenye faili zisizojibiwa wakabaki na faili zao.

Hao wasiojibiwa, na wale ambao hawakuthubutu hata kuomba, walikuwa wamekwisha kutafuta njia yao. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta hadi lenta, kisha boma likakaa kimya misimu miwili ya masika mpaka apatikane wa kununua ng'ombe wa urithi au kiinua mgongo kitoke. Kodi ilipokwisha nao hawana ya miezi sita mingine, walihamia ndani ya pagala, wakaziba madirisha kwa mabanzi na mabati makuukuu, wakapika nje. Mbagala, Tandika, Kimara na Yombo zimejaa nyumba zilizozaliwa hivyo, wala hazina deni kwa mtu.

Leo mkopo umerudi kwa sura nyingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 na ile ya mikopo ya rehani ya 2008 zimeitengeneza njia. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni ya kuzikopesha benki ili nazo ziwakopeshe wananchi kwa muda mrefu. Na anayengoja sasa humngoja mthamini, humngoja Msajili wa Hati athibitishe kwamba kiwanja hakina rehani nyingine, na humngoja mwenzi wake atie sahihi, jambo ambalo mimi naliona kuwa jema kuliko yote yaliyomo katika sheria hizo, kwani si wake wachache walioijua rehani siku ya mnada. Walakini riba ni kali, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 mara nyingi ilikuwa baina ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, na hati miliki bado ni adimu katika mitaa isiyopimwa. Katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 61, wenye mikopo ya nyumba ya rehani wakati huo hawakufika hata elfu kumi.

Kwa hiyo benki itakayotaka kweli kumkopesha mtu wa Temeke isimngoje awe na nyumba nzima katika mchoro. Imkopeshe mabati anapohitaji mabati, na lenta anapofika kwenye lenta, kwa deni dogo la muda mfupi, kwani hivyo ndivyo ajengavyo, na hivyo ndivyo alivyojenga hata pale benki ilipokuwapo kwa ajili yake.