Neno la Pwani katika Kicheko cha Beijing

Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya hufika Igawa pale barabara kuu inapouvuka mto Mbarali. Hapo huwa ameiacha milima ya Wabena na kuingia Usangu, nchi ya mpunga na ng'ombe. Katika miaka ya 1970 nchi hii iliwapokea Wachina kwa njia mbili. Wapo waliokuja na reli iliyoshuka kutoka Makambako kuelekea Mbeya, na wapo waliokuja kuchimba mifereji ya shamba kubwa la mpunga la Mbarali. Wote walikuja na ujuzi wa kazi, na wote walilazimika kutafuta namna ya kusemezana na wenyeji.

Mkataba wa Reli ya Uhuru ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na mwaka 1976 njia yote ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa wenyewe. Kipande cha kutoka Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote, kwa wingi wa madaraja na mahandaki yake. Wakalimani hawakuweza kuwapo kila palipochimbwa shimo. Fundi alionyesha kwa mkono, kibarua akaiga, kisha polepole maneno yakafuata.

Maneno hayo yalikuwa ya Kiswahili, na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Msangu, Mbena, Mhehe na Mnyakyusa, kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake. Kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya serikali na ya safari. Hivyo katika kambi za reli mgeni na mwenyeji walikutana ndani ya lugha ambayo wote wawili walikuwa wamejifunza, ingawa mmoja alikuwa ametangulia sana. Lugha yenyewe ilikuwa imetoka pwani na visiwani.

Mwaka 1973 baadhi ya maneno hayo yalisikika mahali pasipotarajiwa: katika xiangsheng, sanaa ya majibizano ya kuchekesha ipendwayo mno kaskazini mwa China. Watu wawili husimama mbele ya hadhira bila mapambo mengi. Mmoja huongoza mzaha. Wa pili humwitikia, humdadisi na humzuia. Wachina husema mwenye fani hii sharti awe hodari katika mambo manne: kusema, kuiga, kuchekesha na kuimba. Mzaha wenyewe huuita furushi. Hufungwa taratibu, kitambaa juu ya kitambaa, mpaka msikilizaji asahau kilichomo. Kisha hukung'utwa mara moja, na kicheko kikatoka.

Tangu Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, sanaa hiyo ilikuwa imenyamazishwa, kwa kuwa mzaha ni jirani wa dhihaka na dhihaka ilikuwa hatari. Ma Ji, mwanafunzi wa bingwa Hou Baolin, aliurudisha mzaha kwa mlango ulio salama. Pamoja na mwenzake Tang Jiezhong alitoa majibizano yaitwayo Youyi Song, yaani Sifa za Urafiki. Mada yake ilikuwa Wachina waendao Afrika kujenga Reli ya Uhuru. Ndani yake wasikilizaji wa China walisikia wasemaji wakihangaika na Kiswahili, na neno "rafiki", lililolainishwa kwa ulimi wa Kichina, likawa miongoni mwa maneno ya Kiafrika yaliyojulikana sana nchini humo.

Msomaji wa pwani hawezi kuyasikia haya bila kukumbuka ngonjera. Katika miaka ile ile Tanzania nayo ilikuwa ikitumia majibizano kufunza siasa. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, alikuwa ameikuza ngonjera ikawa chombo cha Azimio la Arusha: asiyejua huuliza, ajuaye hujibu, na mwisho wote hukubaliana. Sifa za Urafiki yalifanana na ngonjera kwa shabaha yake. Tofauti ni kwamba mwenye kuchekwa hapo alikuwa mwanafunzi wa lugha, na mwanafunzi huyo alikuwa Mchina mwenyewe. Ma Ji hakumcheka Mwafrika kwa kutojua Kichina. Aliwachekesha Wachina kwa taabu yao ya kujifunza Kiswahili. Kwa wakati ule, na kwa sanaa iliyobanwa namna ile, hilo lilikuwa jambo la adabu.

Hata hivyo adabu hiyo ina mpaka wake. Majibizano yale yalikuwa ya Wachina wawili. Mwafrika alitajwa, akasifiwa, akaitwa rafiki, lakini hakusimama jukwaani kufunga furushi lake. Sifa humweka mtu mbali kidogo, kama mgeni aketishwaye kwenye kiti cha heshima asiingie jikoni.

Nusu iliyokosekana ilianza kujazwa baadaye, kwa silsila inayofanana na ile ya vyuo vya pwani. Jiang Kun alisoma kwa Ma Ji. Na mwaka 1989 Jiang Kun naye alimpokea Mkanada Mark Rowswell, ambaye Wachina humwita Dashan. Ding Guangquan, mwanafunzi mwingine wa Hou Baolin, aliwafundisha wageni wengi mpaka alipofariki mwaka 2018. Kati yao walikuwamo Waafrika, kama Francis Tchiegue wa Kamerun na Maurice Gountin wa Benin.

Mtihani wao si mdogo. Kichina hupambanua maana kwa kupandisha na kushusha sauti. Mai ya sauti inayoshuka kisha ikapanda ni kununua. Mai ya sauti inayoporomoka ni kuuza. Anayekosea sokoni husamehewa, lakini akikosea jukwaani furushi hufunguka kabla ya wakati. Zaidi ya hayo, hadhira humcheka mgeni hata kabla hajasema kitu, kwa ajabu ya kumwona tu. Kicheko hicho ni rahisi, tena kina sumu, maana humfanya msemaji kuwa kioja. Ustadi huanza pale watu wanapousahau uso wake na kucheka kwa sababu neno limekaa mahali pake.

Wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo, kwa kuwa wanao utani. Mtani humtukana mtani wake msibani, kisha humchimbia kaburi maiti wake. Ruhusa ya kutania haipatikani kwa kusifiana; hupatikana kwa kuishi, kugombana na kuzikana. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi ya reli, na wengi wamelala katika makaburi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Haki ya kuzikana, basi, ilitimizwa.

Haki ya kutaniana kwa usawa bado inahitaji watu wake. Walio na mengi ya kutia katika furushi hilo ni wale waliobeba mataruma, waliosimama matopeni Mbarali na kumsikia mgeni akiita, nao wakamwita. Wengi wao sasa ni wazee. Kila mmoja wao anapoondoka, upande wa pili wa majibizano hupungukiwa na sauti. Kijana wa Igawa ajifunzaye Kichina leo hana haja ya kutafuta mzaha Beijing. Akae kwanza na mzee wake, amuulize fundi yule alilitamkaje neno "rafiki", na siku ile kibarua alipojaribu kumjibu kwa Kichina, nani alicheka kwanza.