Kichwa cha Otenyo na Madaftari ya London

Miongoni mwa madai ya urithi ambayo Wakenya wameyaelekeza Uingereza, lile la Wagusii kuhusu Otenyo Nyamaterere ni gumu kuliko mengi, kwa kuwa halihusu kifaa chenye nambari katika kabati la makumbusho, bali fuvu ambalo masimulizi ya ukoo wake yanasema lilikatwa mwaka 1908 na kusafirishwa hadi London. Dai hilo linazihusu kaunti zote mbili za Gusii. Kitutu, nchi ya Otenyo, leo imegawanyika kati ya Kitutu Chache iliyo katika Kaunti ya Kisii na Kitutu Masaba iliyo Nyamira, mpaka ambao watu wa wakati wake hawakuujua.

Mwaka 1902 sehemu hii ya nchi ilihamishwa kwa amri ya kiofisi kutoka Himaya ya Uganda hadi Himaya ya Afrika Mashariki, na wenyeji hawakujua kuwa wamebadilishiwa mtawala kwa sababu hawakuwa wamemkubali hata yule wa kwanza. Walijulishwa kwa bunduki. Septemba 1905 askari wa King's African Rifles, waliojulikana kwa Kiswahili kama Keya, waliishambulia Kitutu, wakaua watu na kuswaga mifugo, kisha wakaondoka bila kuacha ofisi yoyote. Ofisi ilikuja mwaka 1907, pale Geoffrey Northcote, kijana aliyekuwa hajatimiza miaka thelathini na ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti, alipofungua kituo cha utawala Getembe, mahali ulipo mji wa Kisii hivi leo. Pamoja na kituo zilikuja kodi ya nyumba, kazi za lazima na faini za ng'ombe.

Aliyeongoza upinzani kwa maneno alikuwa Moraa wa Ng'iti, mganga na mwaguzi wa Kitutu, aliyewashutumu wanaume kwa kukaa kimya huku mifugo ikichukuliwa. Otenyo alikuwa jamaa yake wa karibu. Baadhi ya masimulizi humwita mwanawe, mengine mpwa wake. Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki, ofisa huyo akajeruhiwa asife. Serikali ililipokea tukio hilo kama uasi wa kabila zima, ikatuma msafara wa kuadhibu, yaani kikosi ambacho lengo lake halikuwa kumkamata mkosaji tu bali kuitia adabu nchi yote kwa kuchoma nyumba, kuteketeza mazao na kutwaa mifugo.

Ukubwa wa mauaji ya msafara huo haujulikani kwa mapokeo ya Wagusii peke yake. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliposoma taarifa za msafara mwanzoni mwa Februari 1908, aliandika kwamba hapendi lugha yake: watu 160 walikuwa wamekwisha kuuawa bila hasara zaidi upande wa Waingereza, na kwake jambo hilo lilifanana na machinjo. Alihoji kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga, ingawa wasiwasi wake mwingine ulikuwa kwamba Bunge likipata habari, mipango yote ya himaya ingeingia doa. Mawasiliano ya kiserikali ya himaya hiyo yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, katika mfululizo wa majalada uitwao CO 533. Ni nyaraka za utawala uliopenda kuhesabu: ng'ombe, mbuzi, maiti na risasi, kila kitu kina tarakimu yake. Kuhusu kichwa cha mtu mmoja aliyeuawa Kisii baada ya kukamatwa, habari haikutoka kwa makarani bali kwa jamaa zake, wanaosimulia kwamba mwili ulipatikana bila kichwa.

Kwa Wagusii upungufu huo si jambo dogo. Mtu huzikwa katika boma lake, karibu na nyumba yake, na wafu hubaki kuwa sehemu ya ukoo wakiitwa ebirecha, yaani mizimu ya wazazi na mababu ambayo huweza kuwaletea walio hai maradhi na mikosi ikiwa haikutendewa haki. Kumzika mtu nusu ni kuliacha deni lisilojua mdai wake atalipwa na nani. Northcote alipanda vyeo hadi kuwa gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941, ambako chuo cha ualimu kilipewa jina lake. Huyo aliyemchoma mkuki hana kaburi kamili.

Masimulizi hutaja British Museum kuwa ndiko kichwa kilikopelekwa, na ni rahisi kwa msomaji wa leo kulikanusha jambo hilo kwa kuangalia orodha ya jengo maarufu la Bloomsbury. Kukanusha huko kungekuwa kwa haraka mno. Mwaka 1908 jina British Museum lilijumuisha pia makumbusho ya elimu ya viumbe huko South Kensington, ambayo yalitenganishwa nayo kisheria mwaka 1963 tu, na ambayo leo ndiyo yenye mkusanyo mkubwa wa mifupa ya binadamu. Zaidi ya hapo, mafuvu kutoka makoloni yalipelekwa pia katika Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji, ambacho makumbusho yake yalipigwa kwa mabomu ya Wajerumani Mei 1941, sehemu kubwa ya vitu vyake ikateketea na mifupa iliyosalia ikahamishiwa South Kensington. Inawezekana, basi, kwamba kitu kilichoingia London mwaka 1908 kilibadilisha nyumba mara mbili, au kiligeuka majivu usiku mmoja. Vilevile si kila ngawira ilifika makumbusho. Fimbo za uongozi za Koitalel arap Samoei wa Nandi, aliyeuawa na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen Oktoba 1905, zilikaa kwa familia ya muuaji huyo hadi ziliporudishwa Kenya mwaka 2006.

Kwa sababu hiyo, orodha za vitu vya Kenya vilivyoko nje, ambazo zimekuwa kazi ya kusifika, zina kikomo. Mradi wa pamoja wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho mawili ya Ujerumani, ulioonyeshwa Nairobi mwaka 2021, ulikusanya taarifa za vitu zaidi ya 32,000 vilivyo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Lakini orodha ya namna hiyo hujengwa juu ya madaftari ya taasisi zenyewe. Kisichoandikwa na mpokeaji mwaka 1908 hakiwezi kuonekana leo.

Zaidi ya kikomo hicho, ipo hatari ya kupokea fuvu lolote. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ila lilikuja mwaka 1954, baada ya Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kulichagua miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa kipimo cha umbo kikilinganishwa na vichwa vya jamaa wa mtwa. Limehifadhiwa Kalenga, karibu na Iringa, na shaka juu yake haijaisha. Leo kuna njia iliyo bora. Watafiti wa Berlin waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2023 kwamba vinasaba, yaani chembe za urithi ambazo mtu huzipokea kutoka kwa wazazi wake, viliwaunganisha baadhi ya marehemu na jamaa zao walio hai Tanzania, akiwamo mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga. Ukoo wa Otenyo upo. Kinachokosekana ni mfupa wa kulinganisha nao.

Sheria ya Uingereza haifungi mlango. Sheria ya Tishu za Binadamu ya 2004, kifungu cha 47, inayaruhusu makumbusho tisa ya taifa, British Museum na yale ya South Kensington yakiwamo, kuachia mabaki ya watu waliokufa ndani ya miaka 1,000 iliyopita. Inaruhusu lakini hailazimishi, na kwa kawaida mdai huonyesha kwanza mahali mabaki yalipo. Sharti hilo linawageuzia wanakijiji wa Kitutu kazi ambayo vifaa vyake vyote viko kwa upande wa pili: madaftari ya mapokezi, barua za maofisa, na stoo zenyewe. Upekuzi wa madaftari ya miaka michache baada ya 1908 katika taasisi zilizotajwa hapa ni kazi ya wahifadhi walioajiriwa kuyatunza, wala hauhitaji kungoja ombi jingine kutoka Kisii.