Turubai Jepesi: Istilahi ya Paa la Kubeba Mgongoni

Fiordland, pembe ya kusini-magharibi ya New Zealand, ni nchi ya mvua. Milford Sound peke yake hupata zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tano ya mvua ya Dar es Salaam. Katika eneo hilo, mwaka 1905, wapiti kutoka Marekani walifunguliwa penye ghuba ya George Sound, na hadi leo wawindaji huwafuata huko mwezi Machi na Aprili, msimu ambao madume hulia kuyaita majike. Wawindaji hao hupanda kwa miguu, mzigo wote ukiwa mgongoni, na wakipata mnyama hushuka na nyama juu ya mzigo uleule. Ndiyo maana wengine huacha hema na kubeba kitambaa kimoja kisichopitisha maji, kamba na vigingi vichache. Wamarekani hukiita kitu hicho “tarp”. Wawindaji wa New Zealand wamezoea kukiita “fly”. Sisi tukiite nini?

Tuanze na kitu chenyewe. Ni kitambaa bapa, aghalabu cha mstatili, kisicho na sakafu, kuta wala mlango, chenye vitanzi kwenye kingo na pembe, ambacho hutundikwa kwa kamba kiwe paa. Chenye mita 2.4 kwa 3, kikiwa cha nailoni iliyopakwa silikoni, huwa na uzito wa nusu kilo hivi na huwatosha watu wawili pamoja na mizigo yao. Turubai la polithini la ukubwa huohuo laweza kuwa na uzito mara mbili, na hata ukilikunja vipi halipungui likaingia mfukoni.

Wepesi huo unatokana na uzi. Uzi wa vitambaa hivi hupimwa kwa denia, ambayo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Denia 30, kipimo kinachotumika sana, maana yake kilomita tisa za uzi zina uzito wa gramu 30 tu. Uzi mwembamba hivyo huchanika kwa urahisi, kwa hiyo mfumaji huingiza nyuzi nene zaidi kila baada ya milimita chache, wima na ulalo, na tundu likitokea huishia kwenye mraba wake.

Sasa jina. Neno la Kiingereza “tarpaulin” linaaminika kuunganisha lami na kifuniko: ni kitambaa kizito ambacho mabaharia walikipaka lami kisipitishe maji. Fikra iliyomo ni kufunika shehena. Kwa Kiswahili tayari tuna turubai, na kila mtu analijua: lile la lori, lile la kuanikia mpunga, lile linalokodiwa pamoja na viti panapokuwa na harusi au msiba. Shida ni kwamba msikilizaji huona mara moja kitu kizito cha kubebwa na watu wawili.

Maneno mengine yanayoweza kushindana nalo ni mawili. Hema halifai, kwa sababu hema humzunguka mtu pande zote, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Chandarua lina haki ya kusikilizwa: kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni kitambaa chepesi cha kutandwa juu, kiwe cha kuzuia mbu au jua. Lakini leo ukimwambia mtu alale chini ya chandarua, atafikiria malaria. Huwezi kulirudisha neno nyuma wakati taifa zima limeshalipeleka kwingine.

Kwa hiyo tushike turubai jepesi, na wingi wake maturubai mepesi. Turubai linasema ni kitambaa cha kuzuia mvua. Jepesi linasema ni la kubebwa na mtu mmoja kwa siku nzima bila kumchosha. Hata hivyo, jina la kitu kizima ni nusu ya kazi. Mwindaji aliyelowa anahitaji pia majina ya sehemu zake na ya namna ya kulitundika, na hapo Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wa miongozo hawajautumia. Fundi wa nyumba za makuti alikwisha kuyataja yote.

Kamba inayopita juu, kutoka mti hadi mti, ni kamba ya mgongo, kama tunavyosema nyumba ya mgongo. Kila upande unaoteremka ni kipaa. Turubai likiwa na vipaa viwili, huo ni mtindo wa mgongo, unaofaa mvua inayotoka pande zote. Likiwa na kipaa kimoja kinachoinama hadi chini huku upande mwingine ukiwa wazi, huo ni mtindo wa upenu. Upenu humpa mwindaji nafasi ya kukaa, kupika na kutazama bonde kwa darubini, mradi moto uwe mbali kiasi, maana cheche moja hutoboa nailoni.

Upenu unategemea upepo, na hapa tuwaazime maneno mabaharia wa pwani: goshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakokwenda. Kipaa kiwe goshini, ukingo wake ugusane na ardhi. Upepo ukigeuka usiku, turubai ligeuzwe pia.

Sehemu inayowaponza wengi ni ndogo sana. Maji ya mvua hufuata kamba ya mgongo kutoka kwenye mti, hupita chini ya kitambaa na kumdondokea aliyelala, naye hudhani turubai limetoboka. Dawa ni kufunga kipande kifupi cha uzi kwenye kamba, nje kidogo ya ukingo, kining’inie. Maji yakifika hapo huteremka na uzi hadi chini. Napendekeza uzi huo uitwe uzi wa mchirizi, kwa kuwa mchirizi ndio njia ya maji ya paani.

Jambo la pili ni mkazo. Nailoni hunywa maji kidogo na kurefuka, hivyo turubai lililokazwa jioni hulegea usiku, likashika dimbwi na kupigwapigwa na upepo. Kwa sababu hiyo kamba hufungwa kwa fundo la kukazika, linaloweza kuvutwa bila kufunguliwa. Poliesta hunywa maji kidogo sana na hulegea kidogo. Na kitanzi kikikatika, weka kokoto laini ndani ya kitambaa, likunjie, kisha funga kamba nyuma yake. Una kitanzi kipya bila kutoboa chochote.

Turubai jepesi lina mipaka yake. Juu ya mstari wa miti, penye theluji inayopeperushwa, hema ndilo lenye kinga. Nzi wadogo wa Fiordland wanaouma nao hawazuiwi na paa tupu. Lakini ndani ya msitu, kwenye mvua ndefu, paa hili linaokoa. Mtu aliyelowa na kupigwa na upepo hupoteza joto haraka, na joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 akili nayo huanza kulegea. Paa linaloweza kutundikwa kwa dakika chache, hata katikati ya matembezi, humzuia kufika huko.

Istilahi hizi ziingie kwenye miongozo ya maskauti, wapagazi wa milimani na askari wa doria za wanyamapori, ambao mvua huwakuta mbali na nyumba vilevile. Maelekezo yaandikwe hivi: “Tundika turubai jepesi kwa mtindo wa upenu, kipaa goshini, ukingo chini, uzi wa mchirizi kila upande.” Sentensi hiyo ni fupi, na anayeisoma akiwa anatetemeka kwa baridi anaweza kuifuata.