Kiwanja, Shamba na Mji: Historia ya Fasili katika Sheria za Ardhi za Kongo

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi fasili za maneno machache zilivyoamua hatima ya ardhi katika Kivu ya Kaskazini. Tumeuchukua mji wa Kiwanja, ulio katika teritwari ya Rutshuru, yapata kilometa 70 kaskazini mwa Goma, uwe mfano wetu, na si kwa sababu ya jina lake tu.

Hata hivyo jina lenyewe lina mafunzo. Shina -wanja lina ndugu katika lugha nyingi za Maziwa Makuu: kibanja kwa Waganda na Wahaya, ikibanza kwa wasemao Kinyarwanda. Kibanja cha Mhaya ni migomba pamoja na nyumba iliyomo ndani yake. Kile cha Mganda ni haki ya mpangaji juu ya ardhi ya mwenye mailo. Kiswahili sanifu kimelipunguza neno: kiwanja ni eneo la kujengea nyumba, au la kuchezea mpira. Kwa hiyo makazi, kilimo na haki vilikaa pamoja ndani ya neno moja kabla sheria haijavitenga.

Utengano huo ulianza mapema. Amri ya tarehe 1 Julai 1885, iliyotolewa katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Léopold II, ilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola. Utupu ni nini? Amri haikueleza, na kimya hicho kilikuwa na faida kubwa kwa aliyeiandika. Shamba linalopumzishwa, malisho ya msimu, pori la kuni na dawa: vyote vingeweza kuitwa vitupu na mtu asiyejua desturi ya mahali. Dikrii ya tarehe 3 Juni 1906 ilijaribu kurekebisha kwa kusema kuwa ardhi ya wenyeji ni ile wanayoikaa, wanayoilima au wanayoitumia kwa namna yoyote kulingana na mila zao. Fasili hiyo ilikuwa pana katika maneno. Katika upimaji ilibanwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba maneno yale yale, karibu neno kwa neno, yanaonekana tena katika Sheria Na. 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu cha 53 kiliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali peke yake. Vifungu vya 387 na 388 viliiingiza humo ardhi ya jamii za wenyeji, na kuifasili kwa lugha ya 1906. Kisha kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hiyo zingefafanuliwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila amri hiyo kutolewa. Mwanaisimu atasema kwamba hapa kitomeo kiliandikwa, maana yake ikaachwa wazi.

Sheria hiyo hiyo iliigawa ardhi mafungu mawili: ya mjini ni ile iliyomo katika mipaka ya maeneo yaliyotangazwa kuwa miji, na iliyobaki yote ni ya mashambani. Mgawanyo huu ulitosha kwa Goma. Kwa Kiwanja haukutosha kamwe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya mamlaka za maeneo zilizogatuliwa iliruhusu makazi yenye watu wasiopungua 20,000 kupewa hadhi ya komini kwa dikrii ya Waziri Mkuu, na mwaka 2013 Kiwanja kikatajwa kuwa komini ya mashambani. Istilahi hiyo inagongana na nafsi yake: komini ni sura ya mji, mashamba ni kinyume cha mji. Basi ploti ya maharagwe iliyomo ndani ya mpaka wa komini iwekwe fungu lipi? Anayeigawa ni mtu wa mwami wa Bwisha, au ni msajili wa hati za ardhi? Na kodi yake ilipwe kwa nani?

Wala tusidhani kwamba ni maradhi ya Wakongo peke yao. Tanzania ilipotunga sheria zake mbili za ardhi mwaka 1999, Sheria Na. 4 ilihesabu ardhi ya kijiji isiyotumiwa kuwa sehemu ya ardhi ya jumla, Sheria Na. 5, ya mwaka ule ule, haikuiweka humo. Wanasheria wamebishana sana juu ya kishazi hicho kimoja. Ni utupu ule ule wa 1885, umevaa nguo nyingine.

Huko Kiwanja utupu una sababu iliyo nzito zaidi. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa mjini humo, na maelfu wakakimbia. Oktoba 2022, M23 walipouteka mji, wengi walikimbia tena. Kiswahili kina neno zuri kwa mahali palipoachwa na watu: mahame. Neno hili hubeba kumbukumbu ya waliokuwapo. Asemaye mahame anakiri kwamba palikuwa na wenyewe. Sheria ya 1973 haikuwa na neno la namna hiyo. Ilithibitisha haki kwa hati ya usajili, na aliyedai kwamba hati ya mwingine iliandikwa kwa makosa au kwa hila alipewa miaka 2 ya kuipinga. Mwenye shamba alilopewa kwa desturi, bila karatasi, akikaa ukimbizini miaka 3, anaweza kurudi akakuta kwamba shamba lake limekuwa kiwanja cha mtu mwingine.

Kwa maoni yetu, kamusi ya istilahi za ardhi itakayotungwa kwa ajili ya Kivu haina budi kuanzia kwa maneno ya watu: udongo, shamba, kiwanja, parseli, mahame. Kila moja lipewe fasili yake, na katika kila fasili itajwe haki ya mtu asiyekuwapo.