Mabomu sita ya Makaburu

Wadau, kila zogo la nyuklia likizuka, iwe Iran au Korea Kaskazini, linaibuka swali lile lile: hivi kuna nchi iliyowahi kutengeneza bomu lake yenyewe halafu ikalivunja? Ipo moja tu, tena iko hapa hapa Afrika.

Agosti 1977 Warusi waliitonya Washington kwamba setilaiti yao imenasa mambo jangwani Kalahari. Kulikuwa na mashimo ya kujaribia bomu, sehemu inayoitwa Vastrap. Hebu fikiria, mahasimu wa Vita Baridi, ambao muda huo huo walikuwa wanavutana Angola, wanapeana taarifa za kijasusi! Wamarekani wakapiga picha zao wenyewe, wakakuta ni kweli. Carter, Waingereza, Wafaransa na Wajerumani Magharibi wakambana Waziri Mkuu John Vorster. Ufaransa ndiyo ilikuwa imeshika mpini, maana ilikuwa na mkataba wa kujenga mitambo ya umeme wa nyuklia kule Koeberg, karibu na Cape Town. Makaburu wakafungasha virago. Novemba 4, Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 418 la kupiga marufuku kuwauzia silaha.

Wengine hadithi wanaikatia hapo na kupiga makofi. Mimi sipigi. Kilichozuiwa ni jaribio, bomu halikuzuiwa. Marekani ilipowanyima mafuta ya nyuklia, waliendelea kurutubisha urani yao wenyewe Valindaba, pua na mdomo na Pelindaba. Enzi za P.W. Botha, wakati Reagan anawabembeleza badala ya kuwabana, kazi ilisonga kimya kimya. Kufikia 1989 walikuwa na mabomu sita, la saba halijakamilika.

Sasa nini kilibadilika? Desemba 1988 yalisainiwa makubaliano ya Wacuba kuondoka Angola na Namibia kupata uhuru. De Klerk alipoingia madarakani 1989 alitaka nchi itoke kifungoni, na bomu lilikuwa mzigo. Mwenyewe alitaja sababu za usalama. Wapo wanaosema hakutaka lirithiwe na ANC, wale wale tuliowapa hifadhi Mazimbu, Morogoro. Nami naamini hilo lilichangia, tena sana.

Julai 1991 Afrika Kusini ikajiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Machi 24, 1993 De Klerk akaliambia bunge kwamba mabomu yalikuwepo na yameshavunjwa. Wakaguzi wa Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki wakapekua makaratasi na karakana, na mwaka huo huo yale mashimo ya Kalahari yakazibwa.

Mkataba unaoifanya Afrika bara lisilo na silaha za nyuklia, uliosainiwa Cairo Aprili 1996 na kuanza kutumika 2009, unaitwa Pelindaba. Urani iliyotolewa kwenye mabomu? Haikutupwa. Sehemu yake iliwekwa Pelindaba hiyo hiyo chini ya ukaguzi, na Marekani, yenye maelfu ya mabomu yake, ilipoomba ikabidhiwe, Pretoria ilikataa.