Tifutifu

Vitabu vya kilimo huuita tifutifu udongo wenye mchanga, tope na mfinyanzi kwa kiasi cha kufaa. Hiyo ni habari ya ukubwa wa chembe, ambao mkulima hawezi kuubadili. Lakini neno hili ni ndugu wa kitenzi tifua, yaani kulegeza ardhi, na hapo linagusa jambo lililo mikononi mwake: jinsi chembe zinavyoshikana.

Mshikamano huo ndio unaoamua njia ya maji. Udongo mwekundu wa Handeni na Korogwe, hata wenye mfinyanzi mwingi, hugandishwa na madini ya chuma kuwa vibonge vidogo, na mvua hupenya katikati yake. Ule mweusi wa mbugani hupasuka kiangazi; ukilowa huvimba, nyufa hufumba, maji hutuama. Mpunga, kama ule wa skimu ya umwagiliaji ya Mombo, hupenda hivyo, na tope huvurugwa makusudi ili maji yasizame.

Mahindi hutaka kinyume chake. Ng'ombe wakikanyaga shamba lililolowa, au jembe likiishia kina kilekile kila mwaka, tabaka gumu hujengeka na mvua hutiririka juu. Samadi na mabua yaliyoachwa shambani huulisha udongo, na vibonge huanza kujijenga upya.