Pete ya chuma, rimu ya baiskeli na raundi 900

Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la PHP wanisamehe, itakuja. Leo nataka kuwasimulia habari ya pete moja ya chuma iliyoninyima usingizi, na historia niliyoikuta ndani yake.

Kanisa dogo la mama yangu kule Kangemi lina amplifaya ya zamani. Jumapili moja umeme ulipotea, ukarudi kwa kishindo, na transfoma ikaungua. Ni transfoma ya pete, ile iitwayo toroidi: kiini cha chuma cha mviringo kama kata ya kubebea mtungi, kimezungushiwa waya wa shaba pande zote. Nikaipeleka mjini, Kirinyaga Road, kwa fundi mmoja mzee anayesuka upya mota na transfoma. Akaigeuzageuza, akacheka.

"Kijana wangu, za sanduku lete hata kumi. Hii ya pete sishiki."

"Kwa nini, mzee?"

"Utanilipa siku ngapi?"

Nilidhani ananikwepa tu. Kumbe swali lake ndilo lililoamua transfoma zetu ziwe na umbo gani.

Pete ndiyo iliyotangulia. Tarehe 29 Agosti 1831, jijini London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma yenye upana wa inchi 6 hivi, akaizungushia koili mbili zisizogusana. Alipounganisha betri kwenye koili ya kwanza, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa koili ya pili ilicheza. Akikata betri, inacheza tena. Hiyo ndiyo transfoma ya kwanza. Mwaka 1885, Wahungari watatu wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, yaani Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza transfoma za kiini kilichofungwa, na baadhi zilikuwa za pete. Umbo hilo ni zuri kweli: usumaku hauna pengo la kuvukia, hauvuji sana nje, na transfoma hainguruminguruma.

Sasa, kama pete ni nzuri hivyo, mbona transfoma nyingi ukifungua redio za zamani ni za sanduku? Kwa sababu mwaka 1886 huko Marekani, William Stanley alitumia vibati vya chuma vyenye umbo la herufi E. Waya unasukwa kwanza peke yake kwenye mashine, mamia ya raundi kwa muda mfupi, kisha vibati vinachomekwa. Kwenye pete huwezi. Kila raundi lazima waya wote uliobaki upite tunduni.

Tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Kiini changu kina unene wa sentimita mraba 10. Kwa umeme wetu wa volti 240 na hezi 50, nikiruhusu usumaku wa tesla 1.2, kila raundi inabeba volti 0.266. Gawanya: raundi 901. Kila raundi inakula sentimita 15 hivi za waya, jumla mita 135. Hebu fikiria kuvuta mita 135 za waya kupitia tundu la sentimita 7, mara mia tisa. Fundi alikuwa sahihi.

Na sisi waandishi wa programu tusijione mbali na habari hii. Mwaka 1953, kompyuta ya Whirlwind pale MIT iliwekewa kumbukumbu ya vipete vidogo vya feraiti, kila kipete biti moja, na nyaya zikipenyezwa kwenye matundu yake. Viwandani kazi hiyo ilifanywa sana na wanawake, kwa sindano na darubini. Miaka ya 1970 chipu za silikoni zikaiondoa, lakini jina lilibaki: programu ikianguka kwenye Unix, faili linaloachwa huitwa core, yaani kiini, kwa heshima ya vipete vile.

Basi nikaamua kutengeneza kifaa. Nilinunua Kawangware rimu kuukuu ya baiskeli ya inchi 28, nikaikata mahali pamoja kwa msumeno. Unaitanua, unaivisha pete ya chuma, kisha unaifunga tena kwa kibati na skrubu. Sasa rimu na pete zimeshikana kama viungo viwili vya mnyororo. Unazungusha waya kwenye mfereji wa rimu kwanza. Mzingo wake ni karibu mita 2, kwa hiyo mita 135 ni mizunguko kama 68 tu. Kisha unafunga ncha ya waya kwenye pete na kuizungusha rimu. Kila ikikamilisha mzunguko, waya umepita tunduni mara moja. Mkono wa kushoto unavuta ulegevu, sumaku ndogo na swichi vinahesabu raundi.

Jaribio la kwanza lilinitoa machozi. Niliunganisha kwa umeme kupitia balbu ya wati 60, kama mafundi wanavyofanya. Balbu ikawaka kwa nguvu zote, maana yake ndani kuna raundi zinazogusana. Kumbe pale nilipokata rimu palibaki makali, yakawa yanakwangua vanishi ya waya kila mzunguko. Nikafumua zote 901. Faraday hakuwa na waya wa vanishi. Alitenganisha raundi zake kwa uzi na kitambaa cha kaliko. Nami nikapiga tupa kiungo kile, nikakivika kitambaa, nikarudia. Balbu ikamulika kidogo ikazima. Upande wa amplifaya, raundi 131 kwa volti 35, ulikuwa mchezo.

Jumapili iliyofuata kwaya iliimba kwa maiki. Jumatatu nikarudi Kirinyaga Road na rimu begani. Mzee akaikagua kiungo kwa kidole, hakucheka safari hii.

"Ilikuchukua muda gani?"

"Masaa manne, mzee. Ukiondoa ile niliyofumua."

Akafikiri kidogo, akasogeza mota iliyokuwa mezani.

"Niachie hiyo rimu mpaka Ijumaa."

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye PHP.